Zanzibar Heroes Machakos 2017: Timu isiyo na kiti iliyobisha hodi fainali

JUMAPILI ya Desemba 17, 2017, Harambee Stars ya Kenya ilikuwa imebakisha dakika tatu tu kulitwaa taji la Kombe la Cecafa katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos. Ilikuwa ikiongoza Zanzibar kwa bao 1-0, na tangu kipute hicho kianze wiki mbili awali haikuwa imefungwa hata bao moja.

Ndipo Khamis Musa Makame alipotikisa wavu wa Kenya katika dakika ya 87. Bao hilo liliisukuma fainali hadi muda wa ziada na baadaye mikwaju ya penalti. Aidha, liliwakumbusha wapenzi wa soka barani kwamba timu iliyokuwa uwanjani siku hiyo ilikuwa imevuliwa uanachama wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) miezi mitano tu iliyotangulia.

Kwa hiyo, kisa cha Zanzibar Heroes mwaka huo kina sehemu mbili: ile iliyochezwa kwenye nyasi za Machakos, na ile iliyoamuliwa katika kumbi za mikutano za Addis Ababa na Rabat. Anayetaka kuelewa uzito wa fainali hiyo hana budi kuzisoma zote mbili.

KITI CHA SIKU 127

Machi 16, 2017, CAF ilifanya mkutano wake mkuu jijini Addis Ababa, Ethiopia. Siku hiyo Ahmad Ahmad wa Madagascar alimbwaga Issa Hayatou wa Cameroon kwa kura 34 dhidi ya 20, na kumaliza enzi ya kiongozi aliyelishikilia shirikisho hilo tangu mwaka 1988.

Katika mkutano uo huo, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa 55 wa CAF. Kabla ya hapo ilikuwa mwanachama mshiriki, hadhi ambayo pia kisiwa cha Reunion kinayo. Hadhi hiyo iliziruhusu klabu za Zanzibar kucheza mashindano ya klabu ya Afrika, lakini haikuipa timu ya taifa nafasi ya kuwania tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wala haikukipa chama chake kura.

Furaha visiwani haikudumu. Julai 21, 2017, mkutano maalumu wa CAF uliofanyika Rabat, Morocco, uliubatilisha uanachama huo. Hoja iliyotolewa ni kwamba Zanzibar haikustahili kukubaliwa tangu awali, kwa sababu CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Kiti hicho kilikaliwa kwa siku 127 tu.

Chimbuko la mgogoro huo ni historia. Zanzibar na Tanganyika ziliungana Aprili 26, 1964, na kuwa taifa ambalo baadaye lilipewa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Zanzibar ina rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na Serikali ya Mapinduzi, lakini katika Umoja wa Mataifa kiti ni kimoja, nacho ni cha Tanzania. Soka inaendeshwa vivyo hivyo. Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) linalitambua Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) pekee.

Wazanzibari wanaodai kiti chao wamekuwa wakitaja mifano ya nje. Uingereza, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina vyama vinne tofauti vya soka ilhali ni nchi moja kisiasa. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, viliingia FIFA mwaka 1988. Gibraltar, eneo lililo chini ya Uingereza, iliingia FIFA mwaka 2016 baada ya kupigania haki yake mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo.

Wanaopinga nao wana jibu. Vyama vya Uingereza viliundwa kabla ya FIFA, ambayo ilianzishwa mwaka 1904. Kile cha England kilizaliwa mwaka 1863. Ama kuhusu waliokuja baadaye, FIFA sasa hudai kwamba mwanachama mpya awe taifa huru linalotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Mlango uliopitiwa na wengine zamani umefungwa, na Zanzibar imebaki kizingitini.

THAMANI YA KITI

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini kiti hicho kigombaniwe kiasi hicho. Jibu la kwanza ni mechi. Timu isiyo mwanachama haishiriki mchujo wa Kombe la Dunia wala wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezaji wa Unguja au Pemba anayetaka kufika huko hana njia ila kuitwa katika Taifa Stars ya Tanzania.

Jibu la pili ni fedha. Chini ya mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 2016, FIFA ilitenga hadi dola milioni 5 za Marekani kwa kila mwanachama katika kipindi cha miaka minne. Chama kisicho mwanachama hakipokei mgao huo moja kwa moja, na hulazimika kutegemea kile kinachopitia kwa shirikisho la taifa.

Jibu la tatu ni kalenda. Harambee Stars ya Kenya huwa na mechi za mchujo na za kirafiki zinazotambuliwa na FIFA mwaka mzima. Kwa Zanzibar Heroes, Kombe la Cecafa ndilo limekuwa jukwaa kuu. Kipute hicho kisipoandaliwa, kama ilivyotokea mwaka 2016, kizazi kizima cha wachezaji hupoteza mwaka.

Zanzibar ilikuwa na haki ya kujiona nyumbani katika mashindano hayo. Mzizi wake ni Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kama mechi kati ya Kenya na Uganda kwa udhamini wa kampuni ya sabuni. Tanganyika na Zanzibar ziliingia katika miaka ya 1940, wakati kila moja ilipokuwa na utawala wake. Mashindano yalipokuja kuwa ya Cecafa mwaka 1973, visiwa hivyo viliendelea kuwa na timu yao, huku Tanzania Bara ikicheza kwa jina la Kilimanjaro Stars. Taji la pekee la Zanzibar katika kombe hilo lilipatikana mwaka 1995 nchini Uganda.

SAFARI YA MACHAKOS

Makala ya 2017 yalianza Desemba 3 nchini Kenya. Machakos, mji ulio kilomita 60 hivi kusini mashariki mwa Nairobi, ulipewa sehemu kubwa ya mechi za Kundi A. Mji huo, ambao jina lake linatokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba, uliwahi kuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya makao hayo kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899. Uwanja wake ulikarabatiwa mwaka 2013 chini ya serikali ya kwanza ya Kaunti ya Machakos, iliyoongozwa na Gavana Alfred Mutua, na mwaka uo huo ukaandaa baadhi ya mechi za Cecafa.

Kundi hilo lilikuwa gumu. Zanzibar ilipangwa pamoja na wenyeji Kenya, Rwanda, Tanzania Bara na Libya iliyoalikwa. Ni wachache waliotarajia kwamba timu hiyo ya kocha Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, ingeonekana tena baada ya hatua ya makundi.

Katika mechi ya kwanza, Desemba 5, Zanzibar iliicharaza Rwanda mabao 3-1. Siku mbili baadaye ilikutana na ndugu zao wa Bara. Hiyo haikuwa mechi ya kawaida, kwa kuwa wachezaji wa pande zote mbili ndio hao hao wanaoitwa pamoja katika Taifa Stars. Zanzibar ilishinda 2-1.

Desemba 9 ilitoka sare tasa na Kenya. Ijapokuwa ilipoteza mechi ya mwisho kwa bao 1-0 dhidi ya Libya, tayari ilikuwa na alama za kutosha. Kenya iliongoza kundi kwa alama 8, Zanzibar ikafuata kwa 7, Libya 6, Rwanda 4, na Tanzania Bara ikavuta mkia kwa alama 1.

Nusu fainali zilichezwa Kisumu. Kenya iliilaza Burundi 1-0 katika muda wa ziada. Desemba 15, Zanzibar ilivaana na Uganda, mabingwa watetezi ambao walikuwa na mataji mengi ya kombe hilo kuliko nchi nyingine yoyote. Zanzibar ilishinda 2-1 na kurejea Machakos kwa fainali, ikiwa na siku moja tu ya mapumziko.

FAINALI

Kenya ilianza kwa kasi. Ovella Ochieng alifunga bao katika dakika ya tano, na kwa zaidi ya saa moja ilionekana kana kwamba bao hilo lingetosha. Kocha Paul Put, Mbelgiji aliyekuwa amekabidhiwa timu mwezi mmoja tu awali, alikuwa amejenga kikosi kilichofunga mabao machache lakini kisichofungika. Mechi tano za kwanza kilitia kimiani mabao manne tu, na hakikuruhusu lolote.

Bao la Makame la dakika ya 87 liliuvunja ukuta huo. Katika muda wa ziada, Masoud Juma, aliyekuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya msimu huo, aliirejesha Kenya mbele katika dakika ya 97. Dakika mbili baadaye, Makame yule yule akasawazisha tena. Matokeo yakawa 2-2.

Mikwaju ya penalti ndiyo iliyoamua. Mlinda-lango wa Kenya, Patrick Matasi, alipangua mikwaju mitatu ya Zanzibar, na wenyeji wakashinda kwa penalti 3-2. Kenya ikanyakua taji lake la saba, baada ya yale ya 1975, 1981, 1982, 1983, 2002 na 2013.

Zanzibar iliondoka Machakos na nishani za nafasi ya pili. Katika muda wa kawaida na wa ziada, ilikuwa imepoteza mechi moja tu kati ya sita. Imepita miaka, na katika vitabu vya kumbukumbu matokeo hayo yanaonyesha tu jina la Kenya kama bingwa. Lakini hakuna timu nyingine iliyoifunga Kenya bao katika mashindano hayo, na Zanzibar ilifanya hivyo mara mbili.

BAADA YA MACHAKOS

Fainali hiyo haikubadilisha kanuni. CAF haikurejesha uanachama wa Zanzibar, na FIFA haikulegeza sharti lake. Klabu za visiwani ziliendelea kucheza katika mashindano ya klabu ya Afrika, nayo timu ya taifa ikaendelea kusubiri mialiko ya kanda.

Kilichobadilika ni nafasi ya baadhi ya wachezaji. Feisal Salum, kiungo aliyekuwa katika kikosi hicho cha 2017, alijiunga na Young Africans ya Dar es Salaam mwaka 2018 na kuwa mmoja wa wachezaji wanaotegemewa katika Taifa Stars. Kwake, kama kwa Wazanzibari wengine, jezi ya Tanzania ndiyo iliyomfikisha katika Kombe la Mataifa ya Afrika.

Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Kwa upande mmoja, Muungano umewapa wachezaji wa visiwani njia ya kufika mashindano makubwa ambayo huenda timu yao ndogo isingeyafikia peke yake. Kwa upande mwingine, njia hiyo ni ya wachache. Kikosi kizima cha vijana kinaweza kufika fainali ya kanda, kisha kikakosa mechi nyingine ya maana kwa muda mrefu.

Ushahidi kwamba ari haijazimika ulionekana Januari 2025, pale Kombe la Mapinduzi, ambalo kwa kawaida huchezwa na klabu, lilipochezwa na timu za taifa katika Uwanja wa Gombani kisiwani Pemba. Zanzibar Heroes waliilaza Burkina Faso 2-1 katika fainali na kulibakisha kombe nyumbani. Burkina Faso ina kiti CAF na FIFA; Zanzibar haina.

Kwa wakazi wa Machakos, kumbukumbu ya Desemba 2017 ni ya taji lililoshindwa na Kenya katika uwanja wao. Kwa Wazanzibari, ni kumbukumbu ya wiki mbili ambapo swali la nani ana haki ya kuitwa timu ya taifa liliwekwa kando, na wachezaji wakapimwa kwa mabao tu. Kwa kipimo hicho, walipungukiwa na penalti moja.