Chui wa Kike na Barabara ya Walikale

Historia ya timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambayo kama ile ya wanaume huitwa Chui, kwa kawaida huandikwa kutoka Kinshasa na Lubumbashi, miji yenye vilabu vikubwa, viwanja na viongozi wa shirikisho. Ikitazamwa kutoka Masisi na Walikale, teritwari mbili (yaani wilaya zilizo chini ya jimbo) zilizoko magharibi mwa Goma katika Kivu Kaskazini, historia hiyohiyo hubadilika sura, kwa sababu kila mara timu ilipofika kwenye fainali za Afrika, mwaka 1998, 2006, 2012 na 2025, vita vilikuwa vinawaka katika vilima na misitu hiyo au vilikuwa mlangoni, na msichana wa huko mwenye kipaji hakuwa na njia ya kuonekana na mtu mwenye uwezo wa kumwita.

Mashindano ya kwanza ya wanawake barani Afrika yalichezwa mwaka 1991 kwa mechi za nyumbani na ugenini, na ni mwaka 1998 tu ambapo timu nane zilikusanyika katika nchi moja, Nigeria, kuanzia tarehe 17 hadi 31 Oktoba. Congo ilipangwa kundi moja na wenyeji pamoja na nchi mbili za Kiarabu, Moroko na Misri, ambazo zote mbili zilikuwa zinaingia kwenye fainali hizo kwa mara ya kwanza, na ikazipita zote mbili na kuingia nusu fainali nyuma ya Nigeria. Huko ilifungwa na Ghana, na kipigo hicho kilikuwa na uzito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa timu mbili za fainali ndizo zilizopewa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 1999 nchini Marekani. Congo ilibaki mechi moja tu nyuma ya safari hiyo. Ilijifariji kwa kuishinda Kamerun kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mabao 3 kwa 3, ikachukua nafasi ya tatu, ambayo haijaifikia tena.

Wachezaji wale walipokuwa Nigeria, nchi waliyoiwakilisha ilikuwa imekatika vipande viwili. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo uasi ulikuwa umeanza mashariki, na kundi la RCD, lililoungwa mkono na Rwanda, likaifanya Goma makao yake, hivyo sehemu kubwa ya Kivu ikawa upande wa pili wa mstari wa vita hadi serikali ya mpito ilipoundwa mwaka 2003. Masisi na Walikale hazikuwa ngeni kwa machungu hayo, kwani mapigano ya kikabila yaliyozuka kwenye soko la Ntoto, Walikale, mnamo Machi 1993, yalikuwa yamesambaa haraka hadi Masisi na kuwatawanya watu wengi. Kwa hiyo ushindi wa 1998 ulikuwa wa taifa zima kwa jina, na inafaa isemwe wazi kwamba kusema hivyo hakupunguzi hata kidogo jitihada za wasichana waliouleta; lakini wenzao wa vilima hivi hawakuwa na nafasi ya kushiriki kuutafuta.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, lazima mfumo wa mpira wa Congo uelezwe. Timu za mitaa na vijiji hukusanywa katika chama kidogo kiitwacho serkle. Serkle huunda antanti, yaani umoja wa vilabu vya mji au teritwari. Antanti huwa chini ya ligi ya jimbo, ambayo kwa Kivu Kaskazini hujulikana kama LIFNOKI. Na juu ya zote kuna FECOFA, shirikisho la taifa. Mchezaji hupanda kwa kusafiri: hutoka kijijini kwenda kucheza makao ya teritwari, kisha Goma, kisha mbele zaidi, na barabara ikifungwa, ngazi yote hukatika. Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe, ambako hata kipande cha ardhi tambarare cha kutosha kiwanja ni shida kupatikana, na watoto hucheza kwenye ua wa shule au wa parokia kwa mpira uliofumwa kwa majani makavu ya migomba na kufungwa kamba, huku msichana akitakiwa kwanza kuchota maji, kutafuta kuni na kulima. Walikale, yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, ni msitu mtupu kwa sehemu kubwa. Huko Kilambo, kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege, na ndege ndogo zilikuwa zikitua juu yake kupakia magunia ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, yaliyobebwa mgongoni kutoka mgodi wa Bisie. Madini yalitafutiwa njia ya kutoka hata pale ambapo barabara ilikuwa imekufa, na wachimbaji, wapagazi na wafanyabiashara wote walijua bei yake. Kipaji cha binti wa Walikale hakikupata mtu wa kukitafutia njia kama hiyo.

Hata hivyo, timu ya Congo ya wasichana wa chini ya miaka 20 ilifika Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka 2006 na tena nchini Chile mwaka 2008, jambo ambalo Wakongo wengi wamelisahau bila sababu. Timu kubwa nayo ilirudi kwenye fainali za Afrika mwaka 2006, ikaondoka mapema, na majuma mawili baada ya fainali hizo kumalizika, wapiganaji wa jenerali muasi Laurent Nkunda waliingia Sake, lango la Masisi, na watu wakakimbilia Goma kwa maelfu. Mwaka 2012, Chui walicheza Guinea ya Ikweta hadi hatua ya makundi, na tarehe 20 Novemba, siku tisa baada ya mashindano kufungwa, waasi wa kundi la M23 waliiteka Goma. Katikati ya miaka hiyo, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu zaidi ya 300 walibakwa katika vijiji vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwemo, ndani ya Walikale. Mzazi anayemkataza binti yake kutembea kilomita kadhaa kwenda mazoezini jioni huhesabiwa mara nyingi kuwa mtu wa mila ngumu, na hukumu hiyo si ya haki, kwa maana barabara anayoiogopa ina historia inayojulikana.

Moroko, ile iliyopitwa na Congo mwaka 1998, ilifuata njia nyingine. Shirikisho lake liliamua kuwalipa wachezaji wa kike mishahara katika ligi za kulipwa za madaraja mawili, likaandaa fainali za Afrika mwaka 2022 na kufika fainali yenyewe, na mwaka uliofuata timu yake ikawa ya kwanza ya nchi ya Kiarabu kucheza Kombe la Dunia la wanawake, ikafika hatua ya 16 bora. Ujuzi huo ulifika hata Congo: Lamia Boumehdi, kocha raia wa Moroko, aliiongoza timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mnamo Novemba 2024 kwa kuifunga AS FAR ya Rabat bao 1 kwa 0 katika ardhi ya Moroko. Mazembe ni klabu yenye uwanja wake na fedha zinazoeleweka, na ushindi wake unathibitisha kwamba mchezaji wa Congo hapungukiwi na kitu isipokuwa mazingira.

Mwezi Julai 2025 Chui walirudi fainali, Moroko ikiwa mwenyeji tena. Walifungwa 4 kwa 0 na Senegali, kisha 4 kwa 2 na Moroko katika mechi ambayo nahodha Ghizlane Chebbak alifunga mabao matatu peke yake, kisha 1 kwa 0 na Zambia. Wakati huo M23 walikuwa wameshika Masisi-centre, makao ya teritwari, tangu Januari na Goma tangu mwisho wa mwezi huohuo, na Walikale-centre ilikuwa imetekwa mwezi Machi kabla ya kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa. Tarehe 19 Julai, juma moja baada ya timu kutolewa, serikali na waasi walitia saini tamko la kanuni mjini Doha, nchini Qatar. Binti aliyezaliwa Masisi mwaka wa nafasi ya tatu alikuwa na miaka takriban 27 wakati huo, umri ambao mchezaji huwa katika ubora wake, na katika maisha yake yote hapakuwa na fainali hata moja ya taifa lake ambayo mwaka wake ulipita kwao kwa amani. Ndiyo maana, mtu anapojadili makocha na mbinu za Chui wa kike, ni halali kumwuliza pia ni lini gari la timu ya wasichana litaweza kutoka Walikale, kupitia Masisi na Sake, na kufika Goma kucheza mechi ya ligi ya jimbo, kisha kurudi.