Wembe wa Bibi Kwenye Pochi Yangu

Wadau, wiki iliyopita niliaibika. Nilikwenda kwenye ofisi moja hapa mjini kufuatilia habari, mlinzi wa getini akanipekua. Akafungua pochi yangu, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa vizuri, akakifungua. Wembe!

"Kijana, hii ya nini? Wewe mwandishi au kibaka?"

Foleni nzima ikacheka. Nikajitetea kuwa ni wa marehemu bibi yangu. Wakacheka zaidi. Mlinzi akautupa kwenye pipa la taka, nikapita.

Simlaumu sana. Kila aliyebanana na watu kwenye daladala anajua vibaka wanavyochana mikoba kwa wembe. Lakini usiku ule usingizi uligoma kuja. Nikawaza, hiki kidude kimefanya mambo mengi katika nchi hii, na sijaona mtu akikiandikia historia. Basi leo naandika mimi.

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Bigwa, pale chini ya milima ya Uluguru, upande inakoanzia barabara ya kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki. Pindo la kanga yake lilikuwa na vitu vitatu siku zote: sarafu, ufunguo wa kabati na wembe ndani ya karatasi yake. Kwa wembe huo alitukata kucha, alituchongea penseli, alifumua mishono ya nguo zilizotubana, alikata kamba ya mzigo wa ndizi wa jirani. Nilipomuuliza kwa nini hauachi nyumbani, alinijibu, "Mume wangu, asiye na wembe wake kila siku ni kuomba."

Sasa turudi nyuma kidogo. Yapange maneno haya matatu: jembe, wembe, chembe (kile cha mshale). Unaona yanavyofanana mkiani? Ni ndugu. Lugha yenyewe inakumbuka wakati ambapo chombo cha kulimia, cha kunyolea na cha kuwindia vyote vilitoka kwa mhunzi mmoja. Na uhunzi huo haukuletwa na meli ya Mzungu. Huko Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa na watu wa kule miaka zaidi ya 1,500 iliyopita, kwa tanuri zenye joto la kushangaza. Hata karibu na kwetu, Dakawa, ukitoka Morogoro kuelekea Dodoma, watafiti wamekuta mabaki ya kazi ya chuma ya milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Lakini katika ndugu hao watatu, aliyepata heshima ni jembe. Liko kwenye nembo ya taifa, limepishana na shoka. Historia ya Uluguru iliyoandikwa nayo ni ya jembe: mwaka 1950 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa kulazimisha watu walime kwa matuta ya ngazi milimani, wananchi wakachoka, na mwaka 1955 kukalipuka vurugu huko Matombo mpaka mpango ukafa. Hayo tunasoma. Wembe uliokuwa kwenye pindo za akina mama hao hao hausomwi popote.

Wembe wa mhunzi ulikuwa chuma kinene, unanolewa, unatunzwa miaka, na si kila nyumba ilikuwa nao. Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani, King Camp Gillette. Mwaka 1895 alipata wazo la wembe mwembamba wa bei ndogo, ukiisha makali unatupa. Wataalamu walimwambia chuma chembamba hivyo hakitashika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyeuvunja mfupa huo. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza: jeshi la Marekani likaagiza mashine milioni 3.5 na mamilioni ya nyembe. Baada ya hapo wembe ukawa kitu cha dunia nzima, mpaka kwenye duka la uchochoroni. Gillette alifikiria ndevu za wanaume. Sidhani kama alimfikiria bibi wa Bigwa mwenye kanga.

Na hapa ndipo penye uzito wenyewe. Wanawake wa milimani walipojifungulia nyumbani, walimwita bibi. Hakuwa amesomea ukunga popote. Lakini alikuwa na sheria moja: wembe wa mtoto ni mpya, karatasi yake haijafunguliwa. Wa kwenye kucha usisogee hapo. Kitovu kikikatwa kwa chombo kichafu, pepopunda huingia, na mtoto mchanga akiipata ni mara chache kupona. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Mzigo mkubwa ulibebwa na chanjo za wajawazito, lakini ukataji safi wa kitovu nao ulikuwa na sehemu yake. Kumbuka kuwa mwaka 2010 karibu nusu ya akina mama nchini walikuwa bado wanajifungulia nje ya vituo vya afya. Leo wengi wanakwenda kituoni, na wembe mpya bado wanautia kwenye mkoba wa uzazi.

Halafu ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ndani ya miaka michache, wembe ukawa mshitakiwa kwenye kila bango: tusichangie vitu vyenye ncha kali. Mjomba alinisimulia kwamba zamani, siku ya kumaliza matanga, ukoo mzima ulinyolewa kwa wembe mmoja, kichwa hadi kichwa. Ule msemo wa mwenzako akinyolewa wewe tia maji ulikuwa picha halisi kabisa: mko kwenye foleni moja, mnasubiri wembe mmoja.

Tulipomzika bibi, siku ya kunyoa shangazi alipita na pakiti, akampa kila mtu wembe wake. Hakuna aliyehoji. Nikiwa nimeinamisha kichwa, niliona kwamba mila haikufa, imejirekebisha tu. Baadaye mama alifungua pindo la kanga ya marehemu. Sarafu, ufunguo, wembe ambao haujatumika. Akanipa mimi. Huo ndio uliotupwa getini.

Niliumia, nakiri. Nikafikiria kurudi kupekua pipa. Halafu nikajicheka. Bibi mwenyewe alishatupa nyembe mamia! Wembe wa Gillette ulitengenezwa ili utupwe, huwezi kuurithisha kama jembe au shamba. Alichoniachia bibi ni tabia: kutoka nyumbani ukiwa na uwezo wa kumsaidia mtu, hata kama uwezo wenyewe una uzito wa karatasi.

Sisi wasomi wa mjini tunatembea na simu yenye kila kitu, lakini kamba ikimkaba mbuzi wa jirani tunabaki kupiga picha.

Jana nimenunua mwingine dukani, nimeukunja kwenye karatasi yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sikulilia, lakini nimeelewa. Nikienda maofisini nitauacha nyumbani, yameisha. Wewe je, mfukoni mwako kuna nini cha kumsaidia mwenzako?