Njia ya Maji Maji katika Mji wa Berlin: Habari za Jina Lililoombwa na Kukubaliwa

Ndugu wasomaji, wazee wa parokia na walimu wa shule zetu, katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, za visima vilivyochimbwa, na za makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Habari hii yetu ni ya kitu kidogo: kibao cha njia, kilichosimamishwa Ulaya, mbali nasi. Lakini maneno yaliyoandikwa juu yake ni ya Kiswahili, na damu iliyo nyuma ya maneno hayo ni damu ya babu zetu, na ya wamisionari pia. Kwa hiyo tumeona haifai kitabu hiki kitoke bila kuisimulia.

Katika mji wa Berlin, upande wa kaskazini, katika wilaya iitwayo Mitte, kuna mtaa ujulikanao kwa jina la Mtaa wa Kiafrika. Wadachi, kama wazee wetu walivyozoea kuwaita Wajerumani, walianza kuzipa njia za mtaa ule majina ya nchi zetu katika mwaka 1899. Za kwanza ziliitwa Kameruni na Togo, maana ndizo nchi walizokuwa wamezitwaa. Baadaye zikafuata nyingine, hata leo mtu aweza kutembea huko akasoma Zanzibar na Usambara kwenye vibao. Majina ya nchi hayamdhuru mtu. Bali pamoja na majina ya nchi yaliwekwa majina ya watu, na watu wenyewe walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Lüderitz, mfanya biashara aliyenunua pwani ya Namibia katika mwaka 1883 kwa mapatano ya maili, naye hakuwaeleza wauzaji kuwa maili ya Kidachi ni ndefu mara nyingi kuliko ile ya Kiingereza waliyoijua. Wa pili alikuwa Nachtigal, aliyepandisha bendera ya Wadachi katika Togo na Kameruni mwaka 1884. Na wa tatu alikuwa Carl Peters.

Huyu Peters hatuna haja ya kutambulishwa kwake. Mwishoni mwa mwaka 1884 alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatilisha masultani alama zao katika karatasi wasizoweza kuzisoma, akarudi kwao, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Mwaka 1891 alikuwa Kilimanjaro, na huko akawanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana mmoja. Watu wa nchi wakampa jina la Mkono wa Damu. Hata serikali yake mwenyewe ilimwondoa kazini katika mwaka 1897 kwa ajili ya mambo hayo. Basi twaona ya kuwa hukumu juu ya mtu huyu haikutungwa na watu wa siku hizi tu, maana Wadachi wenzake waliitoa akiwa hai. Ni utawala wa Hitler uliomsafisha tena, na katika mwaka 1939 ukaipa njia kubwa ya mtaa ule jina lake.

Mwaka 1986 palitokea jambo la ajabu kidogo, ambalo wengine wataliita akili na wengine werevu tu. Watu walipolalamika juu ya jina hilo, wakubwa wa wilaya hawakuliondoa. Walitangaza kwamba tangu siku ile njia haimkumbuki tena Carl Peters, bali Hans Peters, mwalimu wa sheria aliyempinga Hitler na baadaye akawa mjumbe wa baraza la mji. Jina lilibaki lile lile juu ya kibao, ila mwenye jina alibadilishwa. Wenye nyumba hawakulazimika kubadili hata barua moja. Lakini mpita njia, na hasa mtu wa kwetu aliyekwenda kusoma huko, alipolisoma jina la Peters kati ya Togo na Kameruni, alimfikiria Peters yupi? Bila shaka si mwalimu wa sheria.

Hapa yafaa walimu wajue jinsi jina la njia linavyoombwa na kukubaliwa katika mji ule, maana si jambo la mtu mmoja kuamka asubuhi na kupaka rangi. Kila mtu au chama chaweza kutoa ombi, lakini mwenye kuamua ni wilaya. Baraza lililochaguliwa na watu hujadili na kukata shauri, kisha wakubwa wa wilaya hulitimiza. Sheria inataka jina jipya lisifanane na jina la njia nyingine iliyomo mjini, ili barua na zimamoto wasipotee. Mtu aliye hai hapewi njia, na kwa kawaida hungojewa miaka mitano baada ya kufa kwake, nasi twaiona kanuni hii kuwa ya busara sana, maana sifa nyingi hupoa kabla ya miaka mitano. Majina ya wanawake hutangulizwa kwa kuwa mpaka sasa yamekuwa machache. Na jina la zamani haliondolewi ila kwa sababu maalumu: kama lilitoka kwa utawala wa Hitler, au kama ni la tangu kale lakini kulibakiza kunauaibisha mji. Shauri likiisha kukatwa, hutangazwa katika gazeti la serikali. Mwenye nyumba asiyeridhika aweza kuleta pingamizi, na akikataliwa, aende mahakamani.

Vyama vya Waafrika wakaao Berlin, pamoja na Wadachi wenye nia moja nao, walidai kwa miaka mingi. Hata katika mwaka 2016 baraza la wilaya likakubali kwamba majina yale matatu yaondolewe, na watu wote wakaalikwa kuleta majina mapya. Yakachaguliwa machache na kamati, nayo yalipotangazwa mwaka 2017 pakazuka makelele. Moja lilikuwa la Malkia Nzinga, aliyetawala katika Angola ya leo katika karne ya 17 na kuwapiga vita Wareno. Wakasimama watu wakasema: huyu alipigana na Wareno, ni kweli, lakini naye aliuza watumwa. Yawezekanaje tumwondoe mdhalimu mmoja na kumweka mwuza watu mahali pake? Shauri likarudi nyuma. Wataalamu wa historia wakaitwa, wakaandika maoni yao, na kazi ikaanza upya.

Wako waliocheka kucheleweshwa huko. Sisi hatucheki. Kamati ile ilikuwa karibu kufanya kosa kwa haraka ya kutenda mema, na waliolisema kosa lenyewe walisema kweli. Ni afadhali jina likae mwaka mmoja zaidi mezani kuliko kukaa miaka mia juu ya nguzo na kuonewa haya.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 2018 baraza likayakubali majina manne. Mahali pa Lüderitz pawekwe Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama aliyekufa mwaka 1907 katika kambi ya wafungwa ya Kisiwa cha Papa. Uwanja wa Nachtigal upewe ukoo wa Manga Bell wa Duala, ambao Rudolf Manga Bell wao alinyongwa mwaka 1914. Njia ya Peters ikakatwa vipande viwili. Kipande kimoja kikapewa Anna Mungunda, mwanamke Mherero aliyeuawa Windhoek tarehe 10 Desemba 1959, watu walipokataa kuhamishwa kwa nguvu. Na kipande cha pili kikaitwa Maji Maji.

Sasa tutue hapa, maana hapa ndipo penye habari yetu. Walimu wanajua jinsi vita ile ilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Na jinsi Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alivyonyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, kabla vita haijafika mbali. Lakini parokia zetu za kusini zina kumbukumbu mbili za vita ile, na mara nyingi hukumbuka moja tu. Ya kwanza ni ya Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, aliyeuawa tarehe 14 Agosti 1905 njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Hata mwezi wa Septemba misioni ya Peramiho nayo ikachomwa moto. Habari hiyo tumefundishwa tangu katekisimu.

Ya pili ni ya Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga wakubwa wa Wangoni 67 kwa siku moja, na Nkosi Mputa Gama akiwa mmojawapo. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. (Mwenye kupenda tarehe ataona kwamba ilitimia miaka 21 kamili tangu Kaisari alipompa Peters hati yake.) Padri mmoja wa Kibenediktini aliingia kwa wafungwa wale kabla ya kufa kwao, akawafundisha na kuwabatiza wengi. Basi wengi wa walionyongwa walikufa wakiwa Wakristo, watoto wa Kanisa lile lile lililomlilia Askofu Spiss. Na tusifiche jambo jingine: kabla ya vita padri wa Peramiho alikuwa ameichoma nyumba ya mizimu ya Mputa. Alidhani anapigana na ushirikina. Wangoni waliona mgeni anachoma makaburi ya baba zao akilindwa na bunduki za boma. Nani atasema kwamba moto wa pili haukutoka katika moto wa kwanza?

Waliokufa kwa risasi hawakuwa wengi kama waliokufa kwa njaa. Askari walichoma ghala na mashamba kwa makusudi, na wenye kuandika historia huhesabu vifo tangu 75,000 hata 300,000. Watu hao hawakuacha majina katika vitabu. Ndiyo maana sisi twaona baraza la Berlin lilichagua vema kuiita njia kwa jina la vita yenyewe. Kama lingechagua mkubwa mmoja, hata Kinjekitile, wale waliokufa njaa katika Umatumbi na Ungoni wangeachwa nje tena.

Kukubaliwa kwa baraza hakukuwa mwisho. Wenye nyumba na wenye maduka walileta pingamizi. Baadhi yao walisema watapata gharama ya kubadili karatasi zao zote. Wengine walisema njia ya Peters ilikwisha kuwa ya Hans Peters tangu 1986, kwa hiyo hakuna cha kuondoa. Hoja hii ya pili haikuwa ya kipuuzi, nasi hatupendi kuwadharau waliyoitoa. Mashauri yakaenda mbele ya mahakama ya mambo ya utawala, nayo huko Udachi hushika kanuni hii: mwenye nyumba hana haki ya kuchagua jina la njia yake, ila ana haki kwamba wilaya isiamue ovyo bila sababu. Njia ya Fredericks na uwanja wa Manga Bell vilipata vibao vyao tarehe 2 Desemba 2022. Njia ya Peters ikaendelea kungoja.

Wakati huo huo, katika mtaa wa Neukölln wa mji ule ule, njia ya Wissmann ilikwisha kubadilishwa tangu mwezi wa Aprili 2021. Wissmann ndiye aliyeletwa pwani yetu mwaka 1889 kumpiga Abushiri bin Salim, akamnyonga Pangani mwezi wa Desemba. Njia yake ikapewa Lucy Lameck, binti wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika unaibu waziri katika serikali ya nchi yetu, aliyefariki mwaka 1993.

Wasomaji wetu hawakuwa wageni wa mambo kama haya. Katika mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali ilipoendesha kazi ya anwani za makazi, ni mikutano ya mitaa na vijiji iliyoketi kuzipa majina njia zetu wenyewe. Parokia kadha wa kadha zilisikia ubishi: njia ipewe mzee aliyetoa shamba, au mwembe unaojulikana na wote, au katekista wa kwanza? Ni maswali yale yale ya Berlin, ila huku wenye kubisha walijuana kwa majina na walirudi nyumbani kwa njia ile ile waliyoigombania.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akasimama katika makumbusho ya Majimaji mbele ya wajukuu wa walionyongwa, akaomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano, ambacho wajukuu wake husema kilichukuliwa kwenda Ulaya.

Hata tarehe 23 Agosti 2024, siku ambayo ulimwengu hukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, vibao vya njia ya Peters vikafunuliwa. Katika mji ule ni desturi kwamba jina jipya likitundikwa, la zamani haliondolewi siku ile ile. Huachwa pale pale kwa miezi kadhaa, likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu, ili wapeleka barua na wazee wa mtaa wasipotee. Basi kwa muda ule mpita njia aliyeinua macho yake aliyaona majina yote mawili kwenye nguzo moja: Peters chini ya mstari mwekundu, na Maji Maji kwa herufi safi.