Dalali wa Gerezani na dalali wa rada

Kazi za gazetini zimenibana hadi blogu ikaota vumbi. Leo nimerudi na stori ya kihistoria, ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye mwendokasi na umepata siti, soma taratibu.

Tuanze na dalali. Ukitafuta chumba hapa Gerezani au kule Kariakoo utapita kwake tu, hata kama mwenye nyumba mnajuana. Bei yake inajulikana mji mzima: kodi ya mwezi mmoja. Ukilipa miezi sita, dalali kachukua moja ya sita. Tunamlalamikia kila siku, tunamwita mnyonyaji, lakini tukubali kitu kimoja. Unajua ni nani, kaletwa na nani, na anapata shilingi ngapi.

Sasa chukua kazi hiyo hiyo uipeleke kwenye ofisi za wizara au kwenye kamati za Bunge kule Dodoma. Wapo watu ambao kazi yao ni kumfikisha mwenye hela kwa mwenye saini. Waingereza waliipa shughuli hii jina la ukumbi wa Bunge lao, pale raia anapomsubiri mbunge wake atoke amweleze shida yake. Sisi tunaiita ushawishi. Nimejiuliza: ni lini nchi hii ilimtaka dalali wa aina hiyo ajiandikishe, aseme anamfanyia nani kazi na kwa malipo gani? Nimepekua sheria moja baada ya nyingine, na jibu ni kwamba hatujawahi.

Kuna watu wanaodhani ushawishi wenyewe ndio ubaya. Hapana. Mji huu una historia nzuri tu ya ushawishi. Miaka ya 1930 mtu aliyewasemea Waafrika wenye maduka hapa Dar es Salaam alikuwa Erika Fiah, Mganda aliyehamia huku na kufungua duka. Mwaka 1934 kikaanzishwa chama cha wafanyabiashara Waafrika, yeye akiwa kinara wake, na mwaka 1937 akatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Hali ilikuwa ngumu kwa watu wake. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kubana mikopo kwa "wenyeji": tajiri aliyemkopesha Mwafrika bidhaa bila kibali cha maandishi hakuweza kumdai mahakamani. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyekopesha. Fiah alikuwa mwenye duka, mwanaharakati na mhariri kwa wakati mmoja (leo bosi wangu angeniita ofisini kwa mgongano wa maslahi, haha), lakini alichokitaka kwa serikali alikichapa gazetini, kila mtu akasoma.

Baada yake wakaja wengine. Wameru walipoondolewa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulalamika Umoja wa Mataifa. Machi 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa na miezi minane tu tangu kizaliwe pale New Street, leo Mtaa wa Lumumba, mwendo wa miguu tu kutoka hapa ninapoandikia. Ule ulikuwa ushawishi mtupu! Na ulijulikana wote: nani anaomba, kwa niaba ya nani, anataka nini. Maneno yao yamo kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa mpaka leo.

Tulipopata nchi, tukabadilisha mahali pa kumulika taa. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilimmulika kiongozi: asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti makali kweli, na kwa wakati ule yalikuwa na mantiki. Kama bepari hayumo ndani ya uongozi, na njia kuu za uchumi ni za umma, nani atakuja kumshawishi nani? Ila waliokuwa watu wazima enzi hizo watakuambia ushawishi haukufa, ulibadilika ukawa kimemo. Saruji kwa kimemo, bia kwa kimemo. Azimio lilimuuliza kiongozi ana nini. Aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango wa ofisi akisubiri kimemo hakuulizwa chochote.

Februari 1991, kule Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ikalegeza yale masharti. Kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba, mradi, ulaji ukafunguka. Badala ya kukataza, tukaenda kwenye kutangaza: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni, aipeleke kwa Kamishna wa Maadili. Sekretarieti ipo, fomu zipo, ila jaribu wewe kuchapisha gazetini kilichoandikwa humo uone.

Mwaka huo huo wa 1995, mwezi Desemba, Marekani walipitisha sheria yao ya kutangaza ushawishi. Nao pia wana fomu, lakini anayeijaza ni mwingine kabisa. Ni yule anayelipwa kushawishi: anataja mteja wake, jambo analolisukuma, na kiasi cha fedha. Tangu 1938 walikuwa pia na sheria ya wanaofanya kazi hiyo kwa niaba ya serikali za nje, ndiyo maana mikataba ya serikali za Afrika, Kenya ikiwemo, na makampuni ya ushawishi ya Washington inasomeka kwenye mtandao. Nakiri Marekani hela bado inaongea, tena kwa sauti kubwa kuliko kwetu. Tofauti ni kwamba mwandishi wa kule ana mahali pa kuanzia. Mimi wa huku naanzia kijiweni.

Katikati hapo tukapitia kichekesho cha takrima. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha sheria ya uchaguzi, ukarimu wa "kiasili" wa mgombea kwa wapiga kura ukahesabiwa kuwa si rushwa. Pilau likahalalishwa, jamani. Mashirika matatu ya kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu vile vikatupwa kwa kukiuka Katiba. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aseme fedha zake za kampeni zimetoka wapi. Sikatai, ilikuwa hatua. Lakini ushawishi mzito haufanyiki wakati wa kampeni. Unafanyika mwaka wa pili au wa tatu baada ya uchaguzi, mabango yameshafifia, mkataba uko mezani.

Ushahidi wa hilo ni rada. Serikali yetu ilinunua rada ya kijeshi kutoka BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Kelele zilipigwa, hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, ambako Clare Short alipinga, lakini kibali cha kuiuza kilitoka mwaka 2001. Miaka ikapita. Tulichokuja kukijua ni kwamba katikati alikuwepo dalali, mfanyabiashara wa hapa Dar es Salaam, Sailesh Vithlani, na kwamba kama dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni zilizohusishwa naye. Hiyo ni karibu asilimia 30 ya bei. Dalali wa Gerezani hajawahi hata kuota kiwango hicho.

Tulijulia wapi? Si Dodoma. Tulijulia kwenye magazeti ya London, kisha kwenye mahakama ya Southwark, Desemba 2010. Kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo yale, haikukiri rushwa. Jaji Bean alipokuwa akitoa adhabu alisema ingekuwa ni kujitoa akili kuamini kwamba yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Faini ikawa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudi Tanzania kwa ajili ya elimu, vitabu na madawati. Mtaani tukaziita "chenji ya rada". Na kabla hujawapigia Waingereza makofi, ujue mwaka ule na wao hawakuwa na daftari la washawishi. Sheria yao ni ya mwaka 2014, na inawagusa wakala wanaofanya kazi hiyo kwa wateja, si mfanyakazi wa kampuni anayeshawishi kwa ajili ya mwajiri wake.

Miezi saba baada ya hukumu hiyo, Julai 2011, mbunge wa Kilindi, Beatrice Shellukindo, alisimama bungeni na barua mkononi. Katibu Mkuu wa Nishati na Madini, David Jairo, alikuwa ameziandikia taasisi zilizo chini ya wizara akiomba kila moja ichangie shilingi milioni 50 za kufanikisha kupitishwa kwa bajeti. Mimi nilikuwa shule ya msingi, lakini nakumbuka redio ya baba ilivyowaka siku ile. Mkaguzi Mkuu alichunguza, akasema hakuona kosa la kinidhamu wala ushahidi wa wabunge kuhongwa. Wabunge hawakukubali, wakaunda kamati teule chini ya Ramo Makani. Angalia vizuri hapo: serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa inatenga fungu la "kufanikisha" jambo bungeni, na tulilijua kwa sababu mtu alivujisha karatasi. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2012, Spika Anne Makinda akaivunja kamati nzima ya Nishati na Madini baada ya tuhuma kwamba baadhi ya wajumbe walikuwa wakipigania maslahi ya kampuni za mafuta.

Utaniambia tuna sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007, na imetaja kosa la kufanya biashara ya ushawishi. Ni kweli imetaja. Lakini ile ni sheria ya kukamata baada ya tukio. Tunachokosa ni daftari la kabla ya tukio.

Sasa rudi Kariakoo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka. Shida zao: kamatakamata ya watu wa kodi, utitiri wa tozo, na usajili wa stoo. Nilikuwa bado chuo, nikafuatilia kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja viwanja vya Mnazi Mmoja, na mmoja baada ya mwingine wakashika maiki mbele ya kamera, wakasema biashara zao ziko wapi na nani anawasumbua. Juni 2024 wakafunga tena, safari hii nikiwa na kitambulisho cha uandishi shingoni. Kama si ushawishi, hiyo ni nini? Ni ule ule wa Fiah, kwa jina na kwa sura.

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti hapa Gerezani alinibana nilipomweleza wazo la daftari. Akasema, "Dogo, mkileta fomu nyingine tutakaojaza ni sisi, wakubwa watapita dirishani." Hoja yake ina uzito, kwa sababu tunajua leseni na risiti humwangukia nani kwanza. Ndiyo maana naona cha kuiga kwa Marekani ni kipengele kimoja: anayejaza ni yule anayelipwa kumshawishi kiongozi kwa niaba ya mwingine. Muuza vitenge aliyeshika maiki Mnazi Mmoja hakulipwa na mtu, kwa hiyo hana cha kujaza. Aliyelipwa kuuza rada angejaza kurasa mbili: jina la mteja, wizara aliyoingia, na asilimia yake.