Kuchangia Kupona: Matembezi ya Hisani na Matatizo ya Ulaji katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Makala haya yanatetea hoja moja: matembezi ya hisani yanaweza kuwafaa wanaopona matatizo ya ulaji katika mitaa ya Eastlands, mradi fedha zilipie uangalizi wa muda mrefu na mwili wa mtembeaji usigeuzwe kipimo cha mafanikio.

Kikwazo cha kwanza ni imani kwamba maradhi haya si yetu. Mwaka 1994 Adrian Furnham na Peter Baguma waliripoti kuwa Wauganda waliyaona maumbo manene kuwa ya kuvutia zaidi kuliko walivyoyaona Waingereza. Mwaka 2004 Frank Njenga na mwenzake wakaandika katika East African Medical Journal kwamba anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ni nadra nchini Kenya. Ni rahisi kuhitimisha kwamba utamaduni unatukinga. Lakini yanayomfikia daktari wa akili si yote yaliyomo mtaani. Mwenye bulimia, yaani anayekula kwa pupa kisha akajitapisha, aghalabu hana umbo la kutia shaka. Anayejitapisha kwa siri katika ploti ya Kayole hudhaniwa ana vidonda vya tumbo. Aliyekonda naye hunong'onezwa kuwa ana Ukimwi, ugonjwa uliotangazwa janga la taifa mwaka 1999.

Kikwazo cha pili ni wale watakaosema kwamba penye njaa, kumchangia anayekataa chakula ni anasa. Utafiti wa Carolyn Becker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu waliotegemea chakula cha msaada mjini San Antonio, Marekani, unaonyesha kinyume: uhaba wa chakula ulipozidi, dalili za matatizo ya ulaji nazo zilizidi, hasa kula kwa pupa. Umaskini wa Dandora au Mukuru basi ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Sharti la kwanza linahusu fedha. Harambee tunaijua, na matembezi ya hisani ya Mater Heart Run yameonyesha jinsi umati wa Nairobi unavyoweza kugharimia upasuaji wa moyo wa watoto. Hata hivyo, upasuaji una siku yake na bili yake. Kupona tatizo la ulaji huchukua miezi, pengine miaka: ushauri nasaha, mtaalamu wa lishe, vipimo vya moyo na vya potasiamu kwenye damu. Mchango wa siku moja ugawanywe kwa mwaka mzima, na sehemu yake iwafunze wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari hubisha hodi nyumba kwa nyumba, kuzitambua dalili na kumwelekeza mgonjwa hospitalini.

Sharti la pili ni zito zaidi. Kwa wagonjwa wengi, mazoezi ya kupita kiasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ahadi ya shilingi kwa kila kilomita humtuza mtu kwa kile kile kinachomuumiza. Kwa hiyo mchango uwe sawa kwa kila anayehudhuria. Mizani na mabango ya kupunguza uzito yasiwepo. Anayepona atembee kwa idhini ya daktari wake, au asimamie usajili kwa heshima ile ile. Chai na mandazi baada ya matembezi vitumiwe bila mtu kuambiwa "umenona" wala "umekonda".

Waandaaji watakaoshindwa kutimiza masharti haya ni heri wachange bila kutembea. Fedha zinaweza kupatikana kwa njia nyingine, lakini afya ya anayepona haipaswi kuhatarishwa ili zipatikane.