Bahari ndani ya kioo: matumbawe yalivyohamia sebuleni

Mtu anayetembea katika vichochoro vya Lamu, vya Mji wa Kale Mombasa au vya Mji Mkongwe Unguja amezungukwa na matumbawe kulia na kushoto. Kuta za nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika mawe hayo, kwa sehemu kubwa, ni matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa kuni. Kwa karne nyingi watu wa mwambao wameyatumia matumbawe kama jiwe la kujengea. Lakini tumbawe si jiwe. Ni kaya ya wanyama wadogo wadogo, maelfu kwa maelfu, wanaojijengea nyumba ya chokaa chini ya bahari. Jiwe ni nyumba yao tu waliyoiacha.

Wiki hii nataka tuwazungumzie watu waliofanya kazi ngumu kuliko kuchoma chokaa. Walijaribu kumtoa mnyama huyo mwambani na kumweka sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, naye abaki hai. Siku hizi mtu anayeishi mbali kabisa na pwani anaweza kuwa na tangi la lita 100 lenye matumbawe yanayokua na samaki wawili watatu wakipita katikati yake. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kufika hapo. Atakayeuliza jambo hili latuhusu nini sisi, nitamjibu kabla ya kumaliza.

Kisa kinaanza mwaka 1846. Bibi mmoja, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa kanisa la Westminster Abbey, alikuwa katika mji wa Torquay, kusini mwa Uingereza. Huko alipata matumbawe madogo ya bahari ya baridi, kila moja kama kikombe kidogo, akataka kuyapeleka London. Ili yasigongane njiani aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sponji kubwa, akayatia katika mtungi wa maji ya bahari.

Matumbawe yalifika salama. Taabu ikaanza London, kwa sababu maji ya bahari yakikaa tu katika bakuli huishiwa hewa na kuchafuka. Kuagiza mengine kila mara hakukuwezekana. Bibi Thynne akapata wazo: maji yale yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, yapate hewa upya. Kazi hiyo ilichukua nusu saa hadi dakika 45 kila mara, nayo haikufanywa na bibi. Ilifanywa na binti mtumishi wa nyumbani. Baadaye, mwaka 1847, bibi aliongeza mwani ndani ya mabakuli, nao ukasaidia kuyapa maji hewa. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka 3, na hata yakazaana. Vitabu vinamtaja Anna Thynne kuwa miongoni mwa waasisi wa akwaria ya bahari, na ni haki yake. Lakini tukumbuke kwamba pampu ya kwanza ya akwaria hiyo ilikuwa mikono ya mtumishi.

Naomba msikilizaji ushike jambo moja hapa, kwa sababu litarudi tena na tena. Matumbawe yale hayakuokolewa na chakula wala dawa. Yaliokolewa siku mtu alipoacha kuyahangaikia yenyewe, akaanza kuyahangaikia maji.

Miaka iliyofuata mchezo huu ulienea Uingereza kama moto wa nyikani. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo kioo kikawa rahisi. Reli zilikuwa zimefika pwani, na watu wa mijini waliweza kwenda baharini na kurudi. Mkemia Robert Warington alionyesha mwaka 1850 kwamba mimea na wanyama wakiwekwa pamoja kwa kiasi, kila upande humpa mwenzake anachohitaji. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853. Mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake juu ya akwaria, na wasomaji wakakigombania.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watu walimiminika ufukweni na ndoo, nyundo na patasi. Madimbwi ya miambani yaliyokuwa yamejaa viumbe wa kila rangi yalikwanguliwa. Mtoto wa Gosse, Edmund, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alieleza kwa masikitiko jinsi pwani ya utoto wake ilivyobaki tupu, na jinsi baba yake alivyohuzunika kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia watu njia. Wengi wa viumbe wale walikufa ndani ya siku chache, kisha wenyewe wakarudi kuchukua wengine. Basi mapenzi ya bahari yalianza kwa kuila bahari.

Hata hivyo, matumbawe ya Uingereza ni ya maji ya baridi, nayo huishi kwa kula kile kinachopita. Matumbawe ya bahari zetu za joto ni mengine. Ndani ya mwili wa kila kinyama hukaa chembe za mwani zisizoonekana kwa macho. Mwani huo huchukua mwanga wa jua na kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenye nyumba. Mpangaji analipa kodi kwa chakula. Mwaka 1928 msafara wa wanasayansi ukiongozwa na Maurice Yonge ulikwenda kwenye miamba ya Great Barrier Reef, Australia, ukakaa huko hadi 1929, na udugu huu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Kwa mfugaji wa akwaria maana yake ilikuwa nzito: chumba chenye giza ni kaburi la matumbawe, hata maji yakiwa safi namna gani.

Hatua mbili kubwa zilizofuata hazikutoka London wala New York. Ya kwanza ilitoka Nouméa, katika visiwa vya New Caledonia, ambako Dakta René Catala alifungua akwaria mwaka 1956. Alivuta maji moja kwa moja kutoka baharini na kutumia mwanga wa jua, na matumbawe ya joto yakaishi mbele ya macho ya watu. Ya pili ilitoka Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng alieleza katika jarida la Marekani njia yake ya kufuga viumbe wa baharini. Hakuwa na mitambo mingi. Alitia ndani ya tangi mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa bado na viumbe wake, akaongeza mwanga wa kutosha na mapovu ya hewa, basi.

Siri ilikuwa ndani ya mawe. Samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa juu ya mawe hayo huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Ndani kabisa ya jiwe, mahali pasipofika hewa, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ikatoka. Kwa maneno mengine, jiwe la mwambani ndilo mtambo wa kusafisha maji. Njia ya Lee haikushika upesi Ulaya na Marekani, lakini wakati ulimpa haki.

Wajerumani na Waholanzi ndio waliokamilisha ufundi. Katika miaka ya 1970 na 1980 walikusanya mambo manne: mawe hai, taa kali, mkondo wa maji wenye nguvu, na chombo kinachopiga mapovu ili uchafu upande na povu na kumwagwa. Njia hii ilikuja kujulikana kwa jina la Berlin. Makala za George Smit wa Uholanzi, zilizochapishwa Marekani mwaka 1986, ziliwasha moto huko pia. Lakini lipo jambo la tano, nalo litamfanya mtu wa pwani acheke kidogo. Matumbawe yanayokua hunyonya kalsiamu kutoka katika maji, na ndani ya tangi kalsiamu hiyo huisha. Peter Wilkens aliwafundisha wafugaji kuirudisha kwa njia rahisi: maji ya chokaa. Sisi tulichoma tumbawe tukapata chokaa. Wao walichukua chokaa wakaotesha tumbawe.

Kwa historia hiyo yote, anayeanza leo anajua la kufanya, naye anajua pia kwamba tangi dogo ni gumu kuliko kubwa. Katika lita 100, joto na chumvi hubadilika upesi. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa kila siku ni maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kuanzia huchanganywa na chumvi ya akwaria, kama gramu 35 kwa lita, na joto hushikwa kwenye nyuzi 25 au 26. Huwekwa mawe. Kisha hufanyika jambo linalowashinda wengi: kungoja. Hupita wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, tangi likiwa halina samaki hata mmoja, mpaka vipimo vionyeshe kwamba amonia na nitriti vimefika sifuri. Wa kwanza kuingia ni konokono wanaokula mwani. Wanafuata matumbawe laini, ambayo huvumilia makosa. Matumbawe magumu yenye matawi huja mwisho, baada ya miezi mingi, maji yakishatulia. Samaki ni wachache, na mmojammoja. Haraka haraka haina baraka, na katika akwaria haraka ina harufu, maana kinachokufa huonekana asubuhi.

Sasa turudi kwenye lile swali. Latuhusu nini?

Latuhusu kwanza kwa sababu bahari inayokwanguliwa inaweza kuwa yetu. Pwani ya Kenya imeuza samaki wa mapambo nchi za nje kwa miongo kadhaa. Mafia na Mtwara watu wamechimba matumbawe hai kwa ajili ya chokaa, na mwamba uliovunjwa hauwapi samaki mahali pa kuzalia. Tangu 1990 matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, na hayawezi kuuzwa nje ya nchi bila kibali. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo. Sheria ni nzuri, lakini sheria haioteshi tumbawe.

Latuhusu pili kwa sababu ya joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawafukuza wapangaji wao, yakapauka kama mfupa, na mengi yakafa, kwetu na kwingineko. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne. Hapo ndipo wale wenye masanduku ya kioo walipoonekana kuwa na maarifa ya thamani. Wao wanajua kwamba tumbawe linaweza kukatwa kipande, likagundishwa juu ya jiwe na kuota upya, kama mkulima anavyopanda kijiti cha muhogo. Leo mwenye tangi anaweza kulijaza kwa vipande vilivyooteshwa katika matangi ya wenzake, bila kugusa mwamba, pamoja na samaki waliozaliwa katika tangi, jambo lililowezekana kibiashara tangu Martin Moe alipofanikiwa huko Florida mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Maarifa hayo yamerudi baharini. Jumba la makumbusho la Horniman, London, lilifanikiwa mwaka 2013 kuyafanya matumbawe yazae ndani ya tangi kwa kuigiza majira na mwanga wa mwezi. Mwaka 2023, bahari ya Florida ilipochemka, wataalamu walibeba matumbawe ya vitalu vyao wakayaweka katika matangi nchi kavu hadi joto lilipopungua. Na kisiwani Wasini, kusini mwa Kenya, wanakijiji wakisaidiwa na watafiti wa bahari wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe kwenye mwamba wao wenyewe, tena ndani ya maji, bila kioo.

Tusidanganyane. Hakuna tangi litakalochukua nafasi ya bahari, na kipande kilichopandwa leo kitakufa kama maji yataendelea kupata joto. Lakini historia hii ina funzo moja lisilobadilika tangu enzi za yule binti aliyemimina maji dirishani. Anayetaka tumbawe liishi, na atunze maji. Wafugaji wa Ulaya walijifunza hivyo kwa lita 100 na hasara nyingi. Sisi maji tunayopaswa kuyatunza yanaanzia Lamu hadi Mtwara, na hayana dirisha la kuyaazima hewa.