Isebania hadi Rusinga: Tuta lililoziba mlango wa ziwa

Julai 5 ni siku ya kumkumbuka Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi jijini Nairobi mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake liko Kasawanga, kisiwani Rusinga, na mgeni anayekwenda kulizuru leo hufika hadi langoni kwa gari. Akitokea mpakani Isebania, atapita Migori, Awendo na Rongo, atapinda kushoto kuelekea Rodi Kopany na Homa Bay, kisha atashika njia ya Mbita. Ni safari ya nusu siku, na hatalowa hata unyayo. Wachache wanajua gharama iliyolipwa kuifikisha safari hiyo ng'ambo ya maji.

Zamani njia kuu ya Nyanza Kusini ilikuwa Ziwa Victoria lenyewe. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli ndizo zilizounganisha Kendu Bay, Homa Bay na Karungu na ulimwengu wa nje. Waadventista waliofungua misheni ya Gendia mwaka 1906 walilifuata ziwa hilo hilo. Serikali ya kikoloni nayo iliweka kituo chake cha kwanza cha eneo hilo Karungu, katika Migori ya leo, kabla ya kukihamishia Kisii mwaka 1907. Septemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani walivuka mpaka na kuingia Kisii, na meli ya Winifred ikatumwa Karungu kukabiliana nao. Barabara zilikuja baadaye, zikifuata mali: dhahabu na shaba ya Macalder, kisha miwa ya kiwanda cha sukari cha SONY pale Awendo, kilichoanza kusaga mwaka 1979.

Hata hivyo, kuelekea Rusinga barabara ilikomea Mbita, upande wa bara. Mwili wa Mboya ulipotoka Nairobi, baada ya misa katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, ambako nje polisi waliurushia umati mabomu ya machozi, ulisindikizwa na msafara mrefu wa magari kupitia Nakuru na Kisumu hadi Homa Bay. Umati ulijipanga kandokando ya barabara, watu wakilia na wengine wakiwaka hasira. Lakini nyumbani kwa baba yake hapakuwa na njia ya gari. Mtu aliyezunguka dunia nzima, aliyewatafutia vijana wa Kenya ndege za kwenda kusoma Marekani, ilibidi avushwe majini ili azikwe. Mwandishi wa wasifu wake, David Goldsworthy, alimwita mtu ambaye Kenya ilitaka kumsahau. Ukiitazama barabara ya Mbita ilivyotelekezwa kwa miaka mingi baada ya mazishi yale, ni vigumu kumpinga.

Miaka ya 1980 serikali iliamua kumaliza adha ya kuvuka. Badala ya daraja, ilimwaga mawe na udongo kutoka bara hadi kisiwani, yakawa tuta. Watu wa Rusinga walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi: mama mjamzito angefika hospitalini usiku, samaki wangefika sokoni kabla ya kuoza.

Furaha hiyo ilikuja na deni. Ghuba ya Winam, ambayo Rusinga iko mlangoni mwake, haina kina kirefu, na inapumua kwa kubadilishana maji na ziwa kuu. Milango yake ilikuwa miwili: ule mpana ulio kaskazini ya Rusinga, na huu mwembamba wa Mbita. Tuta liliuziba wa pili kabisa. Mkondo uliokuwa ukipita pale ukafa. Mvuvi aliyezoea kukata moja kwa moja kutoka ghubani kwenda ziwa kuu sasa alilazimika kukizunguka kisiwa kizima, akichoma mafuta au akivunja mgongo kwa makasia. Magugumaji yalipolivamia ziwa katika miaka ya 1990, upepo uliyasukuma yakajikusanya ubavuni mwa tuta, maji yakatuama na kunuka.

Wavuvi walilalamika, na watafiti wa uvuvi wakawaunga mkono: tuta lilikuwa limebadilisha mwendo wa maji na maisha ya samaki. Jibu la kawaida lilikuwa kwamba kuliondoa ni kukitenga kisiwa upya. Ubishi huo haukupaswa kuchukua miaka thelathini. Hakuna mvuvi aliyetaka barabara iondolewe. Walichotaka ni maji yapite chini yake, jambo ambalo wahandisi wa mwanzo wangelijua kama wangemuuliza yeyote mwenye mtumbwi pale ufukweni.

Daraja lilijengwa hatimaye katika muongo wa 2010, tuta likafunguliwa, mitumbwi ikapita tena. Lami nayo ilifika Mbita karibu nusu karne baada ya uhuru. Tangu 2013 barabara hizi zinapita katika kaunti mbili, Migori na Homa Bay, ambazo hupenda kuwaita watalii waje kwenye magofu ya Thimlich Ohinga na Rusinga.

Basi kaunti hizo ziwaeleze watalii wanapopita. Paandikwe Karungu kwamba utawala wa Nyanza Kusini ulianzia hapo, na pale darajani Mbita paandikwe kwamba Mboya alivushwa majini na kwamba wavuvi walidai mlango wa ziwa ufunguliwe hadi ukafunguliwa. Wanaoyakumbuka madai hayo ya wavuvi bado wako hai, waulizwe sasa.